Nani Anamlipa Aliyelea? Timu za mitaa na timu kubwa katika soka la Zanzibar

Usiku ule wa Januari 2024, Mlandege ilipoifunga Simba bao 1-0 katika Uwanja wa Amaan na kutwaa Kombe la Mapinduzi kwa mwaka wa pili mfululizo, mtaani kwetu Magomeni, hapa Unguja, hakukuwa na shangwe kubwa. Walipita vijana wachache wakipiga honi za vespa, na walikuwapo wengi zaidi waliorudi majumbani kimya, jezi nyekundu wamezikunja na kuzibana kwapani. Timu yenye jina la mtaa wa Ng'ambo, mtaa tunaoufikia kwa miguu, ilikuwa imeishinda klabu ya Dar es Salaam ambayo uwezo wake wa fedha haulinganishwi na wa klabu yoyote ya visiwani, na mwaka mmoja kabla yake ilikuwa imeifunga Singida Big Stars katika fainali kama hiyo. Hata hivyo, ukipita barazani asubuhi yake ungedhani wenyeji ndio waliofungwa.

Siandiki haya ili nimkataze mtu ushabiki wake. Mimi mwenyewe ni Yanga tangu utotoni, kwa sababu marehemu baba alikuwa Yanga, na sioni dalili ya kupona. Ushabiki ni mapenzi, na mapenzi hayagawiwi kwa hesabu. Fedha ndizo zinazogawiwa kwa hesabu, pamoja na viwanja, muda wa redio na televisheni, na hisani ya wafadhili. Katika mambo hayo kuna swali ambalo Zanzibar tumelikwepa kwa muda mrefu: kati ya timu ya mtaa inayomchukua mtoto wa miaka kumi na kumfundisha mpira, na timu kubwa inayomchukua akiwa na miaka ishirini amekwishaiva, ni ipi inayostahili kutangulizwa? Jibu langu ni timu ya mtaa, na sababu zangu hazitokani na huruma. Ninaamini timu hiyo inadai, na deni lake halijawahi kuandikwa mahali popote.

Majina ya klabu zetu yanaeleza asili yake. Malindi, Mlandege, Miembeni, Kikwajuni na Jang'ombe ni mitaa kabla ya kuwa timu, na wazee wetu wa zama za ukoloni walizianzisha klabu za namna hiyo kama walivyoanzisha vikundi vya muziki na vyama vya kuzikana, yaani kwa michango ya wakaazi na kwa ubishi wa mtaa na mtaa. Pemba nako kulikuwa na timu kama Mwenge na Jamhuri za Wete, ambazo mtu wa Wete alizizungumza kana kwamba anazungumzia ukoo wake. Kutokana na mizizi hiyo tulipata matunda yasiyo haba. Enzi za Ligi ya Muungano, Malindi, klabu ya mtaa ulio jirani na bandari, ilitawazwa bingwa wa Tanzania nzima mwaka 1989 na tena mwaka 1992, mbele ya Simba na Yanga zile zile tunazozililia leo. KMKM, timu ya kikosi cha kuzuia magendo, ilikuwa imetangulia kufanya hivyo mwaka 1984. Mwaka 1995 timu ya taifa ya Zanzibar ikabeba Kombe la Chalenji nchini Uganda.

Baadaye mizani ikalalia upande mmoja. Kwa sehemu kubwa ya muongo uliopita ubingwa wa Ligi Kuu ya Zanzibar ulipokezanwa na timu za vikosi na idara za serikali, yaani KMKM, Mafunzo, Zimamoto na JKU. KMKM ikautwaa tena mara tatu mfululizo, 2021, 2022 na 2023, na JKU ikafuatia mwaka 2024. Mlandege ni miongoni mwa klabu chache za kiraia zilizothubutu kuingia katikati yao. Sababu haina fumbo: kikosi kinatoa ajira. Kijana wa Fuoni mwenye kipaji anaambiwa kwamba akisajiliwa atavaa sare, atapata mshahara kila mwisho wa mwezi na atakuwa na kiinua mgongo baada ya utumishi, ilhali timu ya mtaa wake inaweza kumpa nauli ya daladala na sahani ya urojo baada ya mechi. Mzazi gani atamshauri mwanawe achague urojo? Simlaumu kijana huyo, wala silaumu vikosi, ambavyo kwa miaka mingi ndivyo vilivyoifanya ligi yetu isife kabisa. Ninachosema ni kwamba mfumo huo umeigeuza timu ya mtaa kuwa kitalu cha bure. Watu wa Pemba wanajua zaidi kuliko sisi wa mjini kwamba mkarafuu hauzai mwaka unaopandwa, na kwamba mtu anayemwagilia miche kwa miaka yote hiyo ana haki ya kuuliza kuhusu mavuno.

Afadhali nieleze kazi hiyo inavyofanyika, kwa sababu wengi wanaoijadili kwenye redio hawajawahi kuifanya. Kwa miaka kadhaa nilikuwa katibu wa timu ya vijana ya mtaani kwetu. Mtoto alitoka skuli adhuhuri, akaenda chuoni kusoma Kurani, na baada ya sala ya alasiri ndipo alipokuja uwanjani, kwa hiyo mwalimu wa mpira alikuwa na muda wa saa moja na nusu hivi kabla ya adhana ya magharibi kumtawanya kila mmoja kwao. Mwalimu huyo hakuwa na mshahara. Asubuhi aliuza vifaa vya umeme, na jioni alifundisha watoto thelathini kwa mipira minne, mmoja kati yake ukihitaji kutiwa upepo kila robo saa. Michango tuliikusanya barazani kwa shilingi mia tano na elfu moja. Fedha hizo zililipia usajili, waamuzi, maji na gari la kukodi tulipopangiwa mechi za shamba. Mama mmoja wa mtaani alifua jezi za timu nzima kila Jumapili kwa miaka, na sikumbuki hata siku moja kwamba jina lake lilitajwa kwenye kikao chetu. Ligi za vijana za Central, ambazo vizazi vya wachezaji wa Zanzibar vimepitia, zimesimama juu ya watu wa namna hiyo.

Siku mmoja wa vijana wetu alipotakiwa na timu ya daraja la juu, viongozi wake walikuja na heshima zao, wakakaribishwa kahawa na kashata, na wakatuomba barua ya ruhusa. Tuliiandika papo hapo. Badala yake tulipewa mipira miwili na seti moja ya jezi, tukashukuru sana, na tukapiga picha ya kumbukumbu. Msimu uliofuata kijana yule alikuwa akizungumzwa kisiwa kizima. Sidai kwamba tulidhulumiwa, kwa kuwa hatukuomba zaidi, na hatukuomba zaidi kwa sababu hatukujua kwamba duniani kuna kanuni inayohusu jambo hilo.

Kanuni hiyo ipo na ni ya FIFA. Mchezaji anapouzwa kutoka shirikisho moja la soka kwenda jingine, asilimia 5 ya bei ya mauzo hutengwa kwa ajili ya klabu zilizomlea tangu akiwa na umri wa miaka 12 hadi 23, kila moja kwa kadiri ya misimu aliyoichezea. Tuchukue mfano wa mauzo ya dola 100,000: fungu la walezi ni dola 5,000, na klabu iliyokaa na mtoto tangu miaka 12 mpaka 15 hupata dola 1,000. Mbele ya klabu kubwa za Ulaya hicho ni kiasi cha kuchekwa, lakini mtaani kwetu kingenunua mipira na jezi na kingemwezesha mwalimu kulipwa posho kwa msimu mzima. Ipo pia fidia ya mafunzo, ambayo hulipwa mchezaji anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa na anapohamia klabu ya shirikisho jingine kabla ya kumaliza miaka 23. Tangu Novemba 2022 FIFA imekuwa na chombo maalumu cha kukusanya na kugawa fedha hizo, kinachosoma historia ya mchezaji kutoka kumbukumbu za kielektroniki za usajili.

Kwa Zanzibar kanuni hiyo inakwama mahali pawili. Pa kwanza panatokana na hadhi yetu. Tarehe 16 Machi 2017, mjini Addis Ababa, CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake kamili wa 55, na watu walishangilia Forodhani. Kabla ya Julai mwaka huo kwisha uanachama ukafutwa, kwa hoja kwamba CAF haiwezi kupokea mashirikisho mawili kutoka nchi moja. Klabu zetu zinaendelea kushiriki mashindano ya CAF kama zilivyofanya tangu 2004, lakini FIFA inalitambua shirikisho moja tu, TFF, yaani shirikisho la soka la Tanzania, na mabilioni yake ya maendeleo, ambayo katika mzunguko wa 2023 hadi 2026 yanaweza kufikia dola milioni 8 kwa kila mwanachama, hupitia mlango huo mmoja. Matokeo yake ni kwamba kijana anayepanda boti Malindi na kushuka Dar es Salaam kusaini na klabu ya Bara, machoni pa FIFA hajavuka mpaka wowote. Fidia ya mafunzo haidaiwi. Safari iliyo ya kawaida kuliko zote kwa mchezaji wa Kizanzibari ndiyo ambayo haimlipi mlezi wake chochote kwa sheria ya dunia, na kama kuna malipo basi ni ya hisani au ya makubaliano ya ndani.

Na safari hiyo imezaa mengi. Nadir Haroub Cannavaro alitoka Malindi akawa nahodha wa Yanga. Abdi Kassim Babi ndiye aliyefunga bao la kwanza katika uwanja mpya wa taifa, ambao sasa unaitwa Benjamin Mkapa, dhidi ya Uganda mwaka 2007. Feisal Salum alitoka JKU, Ibrahim Bacca alitoka KMKM. Mvutano wa mkataba wa Feisal kati ya Yanga na Azam ulipozuka mwishoni mwa 2022 na kuendelea kwa miezi, kila baraza la Unguja liligeuka mahakama na kila muuza kahawa akawa wakili. Katika mabishano yote niliyoyasikia, sikumsikia mtu akiuliza watu waliomfundisha kijana huyo kupiga pasi akiwa na miaka kumi na miwili wamepata nini.

Pahala pa pili tunajikwamisha wenyewe. Hata mchezaji akiuzwa baadaye kutoka Dar es Salaam kwenda Misri au Afrika Kusini, jambo ambalo linaifungua ile asilimia 5, klabu ya mtaani haitaonekana ikiwa haina usajili uliothibitishwa wa kila msimu. Kumbukumbu zetu ziliandikwa kwenye daftari la skuli lenye jedwali la kuzidisha nyuma yake. Umri wa mtoto tuliuandika kama alivyoutaja mama yake, na wakati mwingine, nikiri, tuliuandika kama ligi ilivyoutaka. Timu iliyopunguza umri wa mchezaji ili ishinde kombe la vijana imejiondolea yenyewe haki ya kudai, kwa sababu vyeti viwili vyenye tarehe mbili za kuzaliwa haviwezi kumthibitisha mtu mmoja.

Hapa wanaotetea timu kubwa wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Wanasema fedha zikitawanywa kwa timu mia, kila moja hupata makombo, na makombo huliwa kabla hayajafika uwanjani. Wanaukumbusha umma kwamba Oktoba 2025 KMKM ilitolewa na Azam kwa jumla ya mabao 9-0 katika Kombe la Shirikisho Afrika, na kwamba mwaka mmoja kabla yake JKU ilikutana na Pyramids ya Misri na ikarudi na kichapo. Kama tunataka kuondokana na fedheha hizo, wanasema, tuwekeze kwa timu mbili au tatu zilizo juu, watoto wawaone mashujaa wao nyumbani na mengine yatafuata. Wanaongeza kwamba serikali imekwishafanya kazi kubwa, Amaan imefanywa upya na kufunguliwa Desemba 2023, Gombani nayo imetengenezwa, na kwamba viwanja hivyo vimetuletea wageni ambao zamani tulikuwa tukiwaona kwenye runinga tu.

Kuhusu ulaji wa makombo siwezi kuwabishia. Niliwahi kuona fedha za mfadhili zikiingia timu moja Jumatatu na kufikia Ijumaa zikiwa zimezaa kamati mbili za uongozi, kila moja na muhuri wake. Kuhusu viwanja pia ninakubali, na ninajivunia Amaan kama mwingine yeyote. Ninapotofautiana nao ni katika kuisoma ile 9-0. Pengo lile halikufunguka siku ya mechi, na halifungwi kwa kununua mshambuliaji kutoka ng'ambo. Mchezaji anayeshindwa kuupokea mpira akiwa amebanwa na watu wawili alipaswa kufundishwa jambo hilo kabla hajabaleghe, na aliyekuwa naye wakati huo ni yule muuza vifaa vya umeme mwenye mipira minne. Ukiipa timu ya juu bilioni moja bila kumgusa yeye, utakachokipata ni wachezaji wale wale wakiwa na basi zuri zaidi.

Agosti 2025 tulipata nafasi ya kuliona hilo kwa macho. Katika michuano ya CHAN, ambayo huruhusu wale tu wanaocheza ligi za nyumbani kwao, Senegal ilipangwa kucheza Amaan, ikaifunga Nigeria 1-0 na kusonga mbele hadi nusu fainali. Waliokwenda uwanjani waliona vijana wasio na majina makubwa lakini wenye utulivu wa mguu unaohusudiwa. Senegal ni nchi yenye utaratibu wa mashindano ya mitaa yanayoitwa navetane, yanayofanyika msimu wa mvua skuli zikiwa zimefungwa, ambapo mtaa hucheza na mtaa, wilaya na wilaya, na umati unaojitokeza mara nyingi huzidi ule wa ligi yao ya kulipwa. Juu ya utamaduni huo wamejenga vituo vinavyofunga mikataba ya maandishi: Génération Foot ya Dakar ina makubaliano ya muda mrefu na Metz ya Ufaransa, na Sadio Mané alipita katika njia hiyo mwaka 2011. Sisi tunayo mashindano ya mitaani yanayojaza watu hadi juu ya miti, Yamle Yamle likiwa mojawapo, kwa hiyo hamasa tunayo. Kinachokosekana ni lile karatasi linalounganisha uwanja wa vumbi na mkataba.

Kwa hiyo sipendekezi timu za mitaa zigawiwe hela mkononi. Ningependa kwanza Shirikisho la Mpira wa Miguu Zanzibar lihakikishe kwamba kila mtoto anayecheza ligi ya vijana anasajiliwa kielektroniki kwa cheti chake cha kuzaliwa, bila ada kwa timu yake, na kwamba gharama hiyo inabebwa na serikali kama inavyobebwa ya chanjo. Pili, Zanzibar iingie makubaliano ya maandishi na TFF ili klabu ya Bara inayomsajili kijana wa Unguja au Pemba iilipe timu yake ya utotoni kiwango kinachojulikana, hata kikiwa kidogo. Na utaratibu huo huo uvihusu vikosi vyetu wenyewe, kwa sababu hatuwezi kuidai Yanga jambo ambalo hatuidai JKU. Kombe la Mapinduzi nalo lina viingilio. Linachezwa kila Januari kwa jina la wananchi wote, na sehemu ya mapato yake kutengwa kwa mipira na mafunzo ya walimu wa ligi za vijana isingeondoa timu yoyote mashindanoni.

Kuna suala la viwanja vidogo, ambalo lingehitaji makala yake. Eneo la wazi katikati ya nyumba likishapigwa msingi halirudi, na masheha wanajua ni mangapi yamekwenda tangu mji uanze kutanuka kuelekea Fuoni na Bububu. Kuwa na Amaan inayong'aa usiku huku mtoto wa Kwahani hana pa kupiga danadana ni mpango wa ajabu. Timu za wasichana zinaumia zaidi kwa hilo, kwa kuwa uwanja ukiwa mmoja na saa ikiwa moja, wao ndio wanaoambiwa wasubiri.

Kuhusu mashabiki, sina amri ya kuwapa. Ila AFCON ya 2027 inakuja Kenya, Tanzania na Uganda, na mwaka huo kila mtu atakuwa mtaalamu wa soka. Mwenye shilingi elfu tano za kununulia jezi bandia ya klabu ya Uingereza pale Darajani anaweza kununua, nami sitamtazama vibaya. Akibakiwa na mia tano, kuna mtu atapita barazani na daftari.

Letu ninalo bado. Nililiokoa kwenye sanduku siku tulipohama nyumba, mchwa wameshakula pembe moja. Yule kijana tuliyemwandikia barua ya ruhusa yumo ukurasa wa tatu, jina lake la utani tu, kwa penseli, na mbele yake pameandikwa kwamba anadaiwa mchango wa shilingi mia mbili.